Wasomaji Wauliza: Mbuzi ya Umeme na Hataza Yake

Swali: Mimi ni fundi wa kuchomelea hapa Kilifi. Nimetengeneza mbuzi ya kukunia nazi inayozungushwa na mota ya mashine kuukuu ya kufulia nguo. Nazi iliyovunjwa hukaa kwenye kishikio chenye springi kinachofuata mviringo wa kifuu, hivyo meno hayakwangui ganda na tui linabaki jeupe. Mwezi wa Machi niliipeleka kwenye maonyesho ya kilimo, na watu wengi wakaipiga picha. Rafiki mmoja ananiambia nimeshachelewa kuomba hataza. Mwingine anasema siwezi kupewa kamwe, kwa kuwa mota, mkanda na springi vyote vilikuwepo kabla yangu. Nani mkweli?

Jibu: Fundi, wote wawili wamekosea, ingawa wa kwanza amekosea kidogo tu. Hataza, yaani haki ya kuwazuia wengine kutengeneza au kuuza uvumbuzi wako, hutolewa kwa kitu kipya, na kitu kilichokwisha kuonyeshwa hadharani kwa kawaida huhesabiwa kuwa si kipya tena, hata kama aliyekionyesha ni mvumbuzi mwenyewe. Hata hivyo, Sheria ya Mali ya Viwandani ya Kenya ya mwaka 2001 inamsamehe mvumbuzi aliyejianika mwenyewe, mradi awasilishe ombi lake ndani ya miezi 12 tangu siku aliyokionyesha kitu hicho. Kwa hiyo mlango wa KIPI, taasisi inayosajili hataza jijini Nairobi, bado uko wazi kwako hadi Machi ijayo, lakini mlango wa Ulaya umekwisha kufungwa, kwa sababu huko msamaha wa namna hiyo haupo kwa maonyesho ya kawaida kama hayo yako. Angalia tarehe iliyo kwenye kadi yako ya ushiriki, kisha usiionyeshe tena mashine hiyo kwa mtu yeyote kabla ya kupata nambari ya ombi.

Rafiki yako wa pili anarudia hoja ambayo mawakili wa kampuni kubwa waliwahi kuitoa mahakamani. Mmarekani Robert Kearns aliumizwa jicho la kushoto na kizibo cha chupa ya shampeni usiku wa harusi yake mwaka 1953, na baadaye akawa anajiuliza kwa nini waipa za gari zisipepese kama kope, zikifuta kioo na kutulia kidogo kabla ya kufuta tena. Aliomba hataza mwaka 1964 na kuwaonyesha wahandisi wa Ford kazi yake. Mwaka 1969 Ford ikatoa magari yenye waipa za aina hiyo bila yeye. Aliposhtaki mwaka 1978, aliambiwa kuwa vipande vyote alivyotumia, yaani transista, kapasita na rezista, vilikuwa vikiuzwa madukani zamani. Baraza la wazee wa mahakama halikuikubali hoja hiyo. Mwaka 1990 Ford ilikubali kumlipa dola milioni 10.2, na baada ya hapo Chrysler nayo ikaamriwa kumlipa. Kupangwa kwa vitu vya kawaida kwa namna ambayo fundi mwenye ujuzi wa kawaida asingeifikia bila kuumiza kichwa, hilo nalo ni uvumbuzi. Lakini hesabu pia miaka: kati ya mashtaka na malipo ilipita miaka 12, na sehemu kubwa ya kesi zake Kearns aliibeba mwenyewe. Serikali hukupa hataza. Kumfukuza mwizi ni kazi yako, kwa gharama yako.

Ikiwa mkaguzi ataona kishikio chako hakina ubunifu wa kutosha, usikate tamaa. Sheria ya Kenya ina cheti cha pili, ambacho tunaweza kukiita hataza ndogo. Hiki kinadai kitu kiwe kipya na kiweze kutumika viwandani, lakini hakikuulizi ni kiasi gani ulikuna kichwa. Ulinzi wake ni wa miaka 10, wakati hataza kamili inakwenda hadi miaka 20 tangu siku ya kuwasilisha ombi, mradi ada ya kila mwaka inalipwa. Kwa maoni yangu, mashine nyingi za karakana zetu zinafaa zaidi kwenye cheti hicho, na ombi la hataza unaweza kuligeuza likawa la hataza ndogo.

Sasa niseme lile ambalo hukuuliza. Ukurasa wa madai, ndio ule unaotaja kwa maneno ni nini hasa unachokilinda, una uzito kuliko michoro yote. Ukiandika kwamba unadai “mbuzi yenye mkanda wa mpira unaozungusha kichwa chenye meno”, jirani yako atatoa mkanda, atatia gia, na hutakuwa na la kumfanya. Uvumbuzi wako haumo kwenye mkanda. Umo kwenye kishikio kinachoiachia nazi ifuate mviringo wake. Dai hicho kwanza, kwa maneno mapana, kisha taja springi, mkanda na mota katika madai yanayofuata. Mwingereza Trevor Baylis, aliyebuni redio ya kuzungusha kwa mkono kwa ajili ya vijiji visivyo na umeme, na redio hizo zikatengenezwa Cape Town, alieleza kwamba mali ilimponyoka pale springi yake ilipoacha kuendesha redio moja kwa moja ikawa inachaji betri, jambo ambalo hataza yake haikulidai. Ukurasa huo ndio wa kumlipa wakala aliyesajiliwa. Mengine unaweza kuyaandaa mwenyewe.

Swali: Ninaishi Mwanza na nimewasilisha ombi la hataza BRELA, ofisi inayosajili hataza Tanzania. Kampuni moja inataka kuununua uvumbuzi wangu kwa malipo ya mara moja. Nikubali?

Jibu: Dada, itategemea unadaiwa kiasi gani na una haraka gani. Mwaka 1849 Walter Hunt wa New York alibuni ile pini yenye kifuniko tunayofungia nepi na kanga, akaiuza hataza yake kwa dola 400 ili alipe deni la dola 15. Ron Hickman, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyebuni meza ya kukunja ya maseremala iitwayo Workmate, alikataliwa na Black & Decker, akaanza kuiuza mwenyewe, na kampuni hiyohiyo iliporudi miaka ya 1970 alikubali mrabaha, yaani malipo kwa kila meza iliyouzwa. Zikauzwa mamilioni. Mimi ningeomba kiasi kidogo cha kuanzia na mrabaha kwa kila kifaa, pamoja na sharti kwamba haki zinarudi kwangu ikiwa kampuni haitatengeneza chochote ndani ya muda tutakaokubaliana, kwa maana wapo wanaonunua hataza ili waifungie kabatini.

Swali: Nimeona kwenye intaneti mashine ya kubangua korosho yenye hataza ya Marekani ya mwaka 2009. Nikiitengeneza hapa Temeke nitashtakiwa?

Jibu: Hataza ya Marekani inaishia kwenye mipaka ya Marekani. Tafuta BRELA, kisha utafute ARIPO, shirika la kikanda lenye makao Harare ambalo hataza zake zinaweza kuihusu Tanzania; ikiwa mwenye hataza hakuomba katika ofisi hizo, tengeneza na uuze hapa nchini. Kwa hataza ya miaka miwili iliyopita ningekuambia usubiri, kwa sababu mwombaji anayepitia Mkataba wa Ushirikiano wa Hataza, unaoruhusu kuanza na ombi moja kwa nchi nyingi, kwa kawaida hupewa miezi 30 ya kuchagua nchi, lakini kwa ya mwaka 2009 muda huo ulikwisha zamani. Maelezo kamili pamoja na michoro utayapata bure kwenye hifadhi ya Ulaya ya Espacenet. Usiiuze tu Marekani kabla hataza hiyo haijaisha, na usitumie jina la biashara la mwenye hataza.