Kwanza tuonyeshwe karatasi

Swali lenu la wiki hii ni hili: mwananchi wa kawaida afanye nini ili sera ya akili mnemba (AI) imfae naye, isiwe ya wenye kampuni na wakubwa tu? Mimi ni katibu wa chama cha akina mama Kilifi. Kompyuta siijui sana, ila kutunza makaratasi najua, na jibu langu ni la karatasi.

Mwaka 2023 watu walipanga foleni Nairobi wakapigwa picha mboni za macho na Worldcoin, mradi wa sarafu za mtandaoni kutoka nje, kwa sarafu za kidijitali za thamani ya kama shilingi 7,000. Siwacheki, karo ikidaiwa, hata mimi ningepanga. Agosti serikali ikasimamisha shughuli hiyo. Mei 2025 Mahakama Kuu, katika kesi ya Katiba Institute, shirika la kutetea Katiba, ikaamuru data hizo zifutwe. Karibu miaka miwili! Na Oktoba 2021 mahakama hiyohiyo ilikuwa imeizuia kadi ya Huduma, kitambulisho cha kidijitali cha serikali. Miradi yote miwili ilikwama penye jambo moja: haikufanyiwa tathmini ya athari (karatasi inayoeleza madhara ambayo watu wanaweza kuyapata), ambayo Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka ifanywe kabla ya kazi kuanza, pale haki za watu zinapokuwa hatarini.

Basi tukiitwa kutoa maoni, tusibishane kama akili mnemba ni nzuri au mbaya. Hayo ni ya barazani, kwa kahawa. Kaunti ikitaka mashine ya kuchagua nani apate basari, tuulize: tathmini iko wapi, aliifanya nani, na mbona haiko kwa Kiswahili?

Mwenzetu mmoja, muuza samaki, alinyimwa mkopo wa simu. Ujumbe ulikuja papo hapo, hauna sababu, hauna wa kumuuliza. Akadhani ana nuksi. Kumbe kifungu cha 35 cha sheria hiyohiyo kinampa haki ya kutaka uamuzi mzito uliofanywa na mashine peke yake uangaliwe upya. Hatukujua, na aliyemnyima hakuwa na haraka ya kutwambia.

Shida yangu ni na wakati. Mkakati wa taifa wa akili mnemba wa 2025 hadi 2030 sisi tuliusikia redioni ukiwa umeshazinduliwa. Maoni yaliombwa mapema, lakini kwa watu wanaofungua barua pepe asubuhi. Sisi asubuhi tuko sokoni. Serikali itumie baraza la chifu na redio za hapa Pwani. Isipotufikia, Katiba, kifungu cha 119, inamruhusu kila mtu kupeleka ombi Bungeni, na wakili si lazima.

La kwetu tunaliandika Alhamisi, tukishahesabu michango. Muuza samaki amesema atatia sahihi wa kwanza.