"Unconventional" katika sentensi
Weka "an", si "a", kwa sababu neno linaanza na sauti ya irabu: "She has an unconventional way of teaching." Baada ya kitenzi pia linakaa vizuri: "His methods are unconventional." Mkazo uwe kwenye -ven-. Maana yake ni kutofuata mazoea, wala si tusi. "Weird" (wa ajabuajabu) ndilo linalouma. Usilichanganye na "inconvenient" (yenye usumbufu): matatu ikikushusha Ngara, mtaa wa Nairobi, wakati unaenda katikati ya jiji, hiyo ni "inconvenient", makanga akidai nauli kwa kuimba, huyo ndiye "unconventional". Ila kwenye habari za vita, "unconventional weapons" huwa ni silaha za nyuklia, kemikali au kibiolojia, si rungu la ajabuajabu.