Maswali na majibu: Highway 1 kiangazi, chumba hamna, tulale wapi?

Juni imeingia na meseji ni zile zile za kila mwaka. Watu wanatoka San Francisco Ijumaa mchana wanashuka Los Angeles kwa Highway 1, ile barabara ya pwani ya California, hawajabuku popote, wanapiga picha kila kona, alafu saa mbili usiku ndo wananiandikia "mkuu tunalala wapi". Nimechukua maswali machache, yanayofanana nimeyaweka pamoja. Na nyie mnaouliza Big Sur ni mji gani, sio mji, ni kile kipande cha pwani ya milima kati ya Carmel na San Simeon, angalieni ramani kwanza, alafu tutaongea.

Tuko wanne, tunaondoka kesho, tunataka chumba Big Sur kinachoangalia bahari, bajeti dola 150. Inawezekana?

Hapana.

Kama Big Sur hamna kitu tufanyeje sasa? Tunatoka San Jose Jumamosi asubuhi, tuna watoto wawili.

Hili ndo swali lenyewe, na jibu langu halijabadilika: pwani mkatembee, kulala mkalale bara. Kuanzia Carmel kaskazini mpaka San Simeon kusini ni kama maili 90 za mlima upande mmoja na bahari upande wa pili, hakuna mji wa maana katikati, nyumba za wageni za kuhesabu, na kati ya hizo kuna kama Post Ranch Inn ambayo usiku mmoja unapita dola 1,000. Sasa chukua vyumba hivyo vichache, weka watalii wa dunia nzima wa mwezi Julai, wewe unafika saa moja jioni na watoto wamelala nyuma. Utapata nini?

Barabara ya 101 inapita nyuma ya hiyo milima na huko ndo kuna moteli. Kaskazini kuna Salinas, Marina na Seaside, sio lazima ulale Carmel ili uione Carmel, Salinas mpaka Monterey, jirani na Carmel, ni kama nusu saa tu. Kusini kuna Paso Robles, Atascadero, San Luis Obispo, ukisogea zaidi Santa Maria. Kutoka Paso Robles unakata kwa barabara ya 46 unatokea karibu na Cambria ndani ya dakika kama arobaini, asubuhi uko baharini kabla waliolipa mara tatu yako hawajamaliza chai. Na huu mtindo wa kulala katikati sio wangu, ile inayohesabika moteli ya kwanza duniani ilifunguliwa San Luis Obispo mwaka 1925, maana magari ya wakati ule yalikuwa hayamalizi Los Angeles hadi San Francisco kwa siku moja na pale ni katikati ya njia. Miaka kama mia imepita na bado kuna watu wanashangaa kwamba safari hii inahitaji kitanda.

Sasa sikiliza vizuri, hapa ndo watu wanapoharibu. Uamuzi wa wapi mnalala unafanyika kabla hamjaiacha Carmel, sio mbele ya safari. Mkishaingia Big Sur netiweki inakata kwa maili nyingi, na hakuna barabara kubwa ya kuvuka mlima kwenda 101. Ipo moja tu ya lami, Nacimiento-Fergusson, nyembamba, kona juu ya kona, inapita ndani ya eneo la jeshi la Fort Hunter Liggett, na baada ya moto wa Dolan wa 2020 mvua iliiharibu ikafungwa. Usiku na watoto wawili usiiwaze. Kwa hiyo ikifika saa nane mchana hamna chumba, simama Monterey sehemu yenye netiweki, tafuta, lipa, ndo uendelee. Mkikosa kabisa kusini, laleni Salinas mkaingie Big Sur Jumapili asubuhi barabara ikiwa tupu. Mafuta jaza hapo hapo pia, ukiona bei yake pale Gorda, kusini mwa Big Sur, utajua kwa nini nimekwambia.

Kuna haja gani ya kupiga simu wakati apu inaonyesha vyumba vyote?

Haionyeshi vyote, inaonyesha vile hoteli ilivyoamua kuiwekea. Apu ni dirisha la duka, stoo iko nyuma. Mtu wa mapokezi anajua nani amekansel dakika tano zilizopita, anajua chumba namba fulani kilichofungwa kwa sababu ya bomba la bafu fundi ameshamaliza, na zaidi ya yote anajua ile sheria ya "wikiendi lazima usiku mbili" anaweza kuilegeza au la. Hiyo sheria ni balaa kwenye nyumba ndogo ndogo za Cambria na Carmel, ukitafuta usiku mmoja wa Jumamosi kwenye apu inakuambia pamejaa, kumbe hapajajaa, kuna usiku mmoja umebaki peke yake katikati na mwenye nyumba anautafutia mtu. Apu haiwezi kukwambia hivyo, ila binadamu anaweza.

Piga kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa sita, wageni wanatoka na mapokezi wanajua hesabu yao. Piga tena saa kumi jioni hivi. Na ukipiga sema moja kwa moja: usiku wa leo, watu wangapi, gari moja, nafika saa ngapi, kadi ninayo mkononi. Usianze na "samahani nilikuwa naulizia eti mna vyumba aina gani", wenzako watatu wako kwenye foleni ya simu.

Kingine, hoteli nyingi mwisho wa kukansel bila kukatwa ni siku moja mpaka tatu kabla, kwa hiyo vyumba vinarudi sokoni siku hizo hizo. Anayetafuta cha Jumamosi aangalie tena Jumatano jioni na Alhamisi. Wengi wanaangalia mara moja tu Jumatatu wanakata tamaa, alafu wanakuja kunilalamikia mimi.

Nilibuku chumba cha usiku ule ule nikiwa njiani, baada ya dakika kumi tukabadili mawazo, hoteli imegoma kurudisha hela. California si kuna sheria ya masaa 24?

Ipo, tangu tarehe 1 Julai 2024, ila umeisoma nusu kaka. Haki ya kukansel ndani ya masaa 24 na kurudishiwa hela yote ni kwa aliyebuku masaa 72 au zaidi kabla ya muda wa kuingia. Wewe umebuku usiku ule ule, umekosa. Kwa mtu wa dakika za mwisho sheria hii haimsaidii kitu, kwa hiyo kabla hujabonyeza lipa hakikisheni mmekubaliana wote ndani ya gari, hasa yule aliyekaa nyuma ananuna.

Ila kuna moja inakusaidia. Tangu Mei 2025 kuna kanuni ya serikali kuu ya Marekani kwamba hoteli na apu zionyeshe bei ikiwa na ada zote za lazima tangu mwanzo, zile ada za "resort" walizokuwa wanazificha mpaka ukurasa wa mwisho. Kodi ya serikali bado inaweza kuongezwa juu, na huku pwani ni asilimia 10 na kuendelea, kwa hiyo ukiona dola 180 usijifanye umeshapiga hesabu.

Tukilala ndani ya gari kwenye zile sehemu za kupaki kando ya barabara Big Sur nani atajua? Tutaondoka asubuhi.

Nimeshajibu hili mpaka nimechoka na bado linakuja kila wiki, wengine mnaongeza "tuna pazia za madirisha" kana kwamba pazia ni kibali.

Hairuhusiwi. Vibao vipo, doria ipo, mtu atagonga kioo saa saba usiku, utapewa faini ambayo ingekulipia moteli na chenji ikabaki, na bado utaambiwa ondoa gari uendeshe gizani kwenye zile kona ukiwa na usingizi. Watu wa Big Sur sio wabaya ila wamechoka na ninawaelewa. Julai 2016 mtu aliwasha moto wa kambi usioruhusiwa ndani ya hifadhi ya Garrapata akauacha. Ndo ukazaliwa moto wa Soberanes: zaidi ya ekari 130,000 ziliungua, nyumba 57 ziliteketea, dereva wa buldoza akafa kazini, na kuuzima kulikula zaidi ya dola milioni 200. Moto mmoja wa kuota. Kwa hiyo ukija na "sisi tutapika chai tu kidogo" usitegemee mtu wa pale akuchekee. Na mambo ya choo siyasemi, ila kila aliyewahi kushuka kwenye zile sehemu za kupaki Jumatatu asubuhi anajua nazungumzia nini.

Ukizidiwa na usingizi kweli, rudi 101. Vituo vya kupumzikia vya barabara kuu California vinaruhusu kukaa mpaka masaa 8 ndani ya masaa 24, bila hema, bila jiko nje. Unalala ndani ya gari, unanawa uso, unaondoka. Sio starehe ila ni halali. Angalia kwanza kama kituo kiko wazi, huwa wanavifunga kwa matengenezo.

Kempingi ya Pfeiffer Big Sur imejaa mpaka Septemba. Nimeambiwa ukienda asubuhi mapema unapata nafasi, ni kweli?

Aliyekuambia alienda enzi zake. Hifadhi za jimbo zinafungua buking miezi 6 kabla kupitia tovuti ya ReserveCalifornia na sehemu nzuri za Julai zinaisha asubuhi ile ile zinapofunguliwa. Kirk Creek na Plaskett Creek ni za msitu wa taifa wa Los Padres, hizo ziko Recreation.gov, nazo hadithi ni ile ile.

Njia yako ni waliokansel. Weka taarifa ikushtue nafasi ikirudi, na uwe tayari kuchukua Jumanne usiku mmoja badala ya kung'ang'ania Ijumaa mpaka Jumapili kama taifa zima. Kuendesha masaa matatu ukaangalie kama kuna mtu hajatokea, na watoto na mahema juu ya gari, hapana. Nimeona familia zinazunguka pale getini saa kumi na mbili jioni, reinja anawaambia wasonge tu, na kusonga kwenyewe ni kwenda wapi?

Katikati ya Agosti moteli ya kawaida kabisa Salinas inasema dola 400. Wamechanganyikiwa?

Hapana, umeangukia Car Week ya Monterey, wiki ya matajiri na magari ya kale inayoishia na maonyesho ya Pebble Beach Jumapili. Bei inapanda mpaka bara. Sogeza safari wiki moja. Na mnaokimbilia Paso Robles mwishoni mwa Julai, pale kuna maonyesho makubwa ya Mid-State Fair na vyumba vinakwisha, msije mkasema nilisema bara kuna nafasi siku zote. Kabla ya kuchagua tarehe angalia mji una nini wiki hiyo, dakika mbili tu.

Tumeshalipa chumba San Simeon, tunatokea Carmel. Ramani ya simu inatupeleka kwa 101, masaa mengi zaidi. Tuipuuze?

Msiipuuze hata kidogo! Inawezekana barabara imefungwa. Ile milima inaporomoka, ni tabia yake. Mwaka 2017 daraja la Pfeiffer Canyon liliharibika Februari, alafu Mei mlima mzima ukashuka baharini pale Mud Creek na barabara haikufunguliwa mpaka Julai 2018. Januari 2021 Rat Creek ikabeba kipande cha barabara. 2024 ikaporomoka tena. Sio mambo ya siku mbili haya, ni miezi.

Angalia QuickMap, ramani ya mtandaoni ya Caltrans, idara ya barabara ya California, siku ya kulipa chumba na uangalie tena asubuhi ya safari. Ikiwa imefungwa katikati, Carmel na San Simeon ni safari mbili tofauti, huwezi kuona zote mchana mmoja. Na ukifika kwenye kizuizi ukageuza, umeshapoteza muda wa kwenda na wa kurudi na jua linazama. Piga hoteli simu ukiwa bado Carmel uwaambie mtachelewa, wasije wakakihesabu chumba umekiacha.

Moteli imeshikilia dola 200 kwenye kadi yangu ya benki juu ya bei ya chumba. Ni wizi?

Ni dhamana, inarudi, ila kwa kadi ya benki inaweza kuchukua siku kadhaa na hela ya mafuta ya kesho iko humo humo. Uliza kiasi kabla hujawapa kadi. Kama una kadi ya mkopo tumia hiyo.

Mume wangu anasema raha ya safari ni kutopanga, tutapata tu chumba mbele ya safari. Naomba umwambie, mimi hanisikii.

Dada yangu, shemeji hajakosea safari, amekosea mwezi. Mwambie asubiri Labor Day ipite, ile Jumatatu ya kwanza ya Septemba, shule zimefungua, alafu mtoke Jumapili mchana wakati wenzenu wanarudi mjini. Jumapili mpaka Alhamisi ya wiki hizo anaweza kuendesha mpaka saa kumi jioni hajabuku na akapata kitanda Morro Bay, pale pale pwani, bila kubembeleza mtu. Na bahari ataiona, maana Juni na Julai pwani ile mara nyingi ni ukungu mpaka mchana, watu wanalipa bei ya jua wanaangalia weupe. Akikataa akasema lazima iwe Julai, basi simu ya kupiga Salinas uishike wewe, na ikifika saa nane mchana usimuulize, lipa.