Mdogo wangu anavaa sketi TikTok, nimfanyeje?

SWALI: Anti shikamoo. Niko Mombasa, miaka 26, nina mdogo wangu wa kiume wa miaka 19 kaanza chuo mwaka huu. Juzi binamu yetu kanitumia linki ya TikTok, kufungua namwona mdogo wangu kavaa sketi ya marinda na soksi zinafika mapajani, wanja machoni, anacheza kwenye varanda yetu kabisa, kanga za mama zimeanikwa nyuma. Kajiandika "femboi". Anti, nlihisi baridi. Hajui kama nimeona. Sasa huyu ndo shoga ama ni mambo ya mtandao tu yatapita? Nimwambie mama?
Kaka Mtu

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza hiyo klipu usimpelekee mama.

Hilo neno femboi si jipya, limezunguka miaka mingi huko kwa Wamarekani, kwenye mitandao ya 4chan na Reddit, kwa wapenzi wa anime, zile katuni za Kijapani, na gemu, halafu 2020 watu walipofungiwa ndani na korona likashika TikTok, ikawa Ijumaa ikifika vijana wanajirekodi na sketi. Maana yake ni mvulana anayependa kuonekana laini, kike-kike, na bado anajiita mvulana. Anampenda nani, hapo neno halisemi. Wamo wenye magelfrendi, wamo wanaopenda wanaume wenzao, na wengine baadae wanaona wao ni wanawake hasa, na hapo ndo hugombana wenyewe kwa wenyewe. Kuna mhusika wa gemu ya Kijapani, Guilty Gear, anaitwa Bridget, tangu 2002 anajulikana ni mvulana wa nguo za kike, 2022 waundaji wakamrudisha anasema yeye ni msichana, mtandao ukawaka. Sasa wao wenyewe hawaelewani, wewe utajuaje kwa klipu ya sekunde kumi na tano?

Wanja usinitajie, wazee wetu wa pwani wamepaka wanja Ijumaa wakenda msikitini na hakuna aliyewauliza. Na mume wangu miaka ya themanini alikuwa na nywele za kalikiti, mafuta yanachuruzika, foronya zangu zote ziliharibika, mamake analia ati mwanangu kapotea. Sisemi ni sawa na sketi. Sketi ni nzito zaidi na mdogo wako anajua, ndo maana kakuficha.

Shoga... mimi shoga zangu wako wanne na tuko chama kimoja, lakini neno hilo hilo likirushiwa mvulana mtaani ni jiwe. Kisheria, kifungu cha 162 cha sheria ya adhabu ya Kenya kinaadhibu tendo lenyewe la wanaume kulalana, hadi miaka 14, Mahakama Kuu ilikataa kukifuta Mei 2019, na nguo hazimo humo. Ila watu hawangoji mahakama. Januari 2023 mwili wa Edwin Chiloba, yule mwanamitindo aliyetetea haki za mashoga, ulikutwa ndani ya sanduku la bati Uasin Gishu, na hata hajazikwa watu wanamcheka mtandaoni. Ndo maana kinachonitia hofu mimi ni ile varanda kuliko sketi.

Mkae wawili, usiku mama akishalala. Usianze na "we ni shoga?" Mwambie nimeiona akaunti yako, na kanga za mama nimeziona pia. Halafu nyamaza umwache aongee. Akikwambia anapenda wanaume, usimkimbize kwa shehe wala kwa mganga, hiyo haina dawa na huyo ni yule yule mnayegombania chaja. Akikwambia anajifurahisha tu, mwamini. Vyovyote iwavyo akaunti aifunge iwe ya faragha, azuie watu kudaunlodi video, na zile za varandani azifute leo leo, jirani yeyote ataijua nyumba. Mama ataambiwa na mwenyewe, siku yake akipenda.

Na huyo binamu yenu, muulize taratibu, yeye akaunti hiyo aliifikiaje?