Usilete mwale wa leza kwenye lenzi, mimi nina kamera yenye kovu

Zima hiyo leza kwanza. Salamu tutapeana baadaye.

Mleta uzi umesema uko Moshi, umenunua leza ya kijani ya mkononi, una DSLR ya mtumba (kamera kubwa ya kubadilisha lenzi, yenye kitundu cha kuchungulia), na unataka picha za miale sebuleni kwa ajili ya kava la wimbo wa rafiki yako. Umeuliza lenzi gani, setingi zipi, moshi utaupata wapi bila mashine, na rangi gani ya leza inapendeza. Yote sawa. Shida yangu ni ule mstari wa mwisho ulioupachika kama vile si kitu: "mwale wa mwisho nitauleta moja kwa moja kwenye lenzi utoe nyota." Aisee. Hiyo nyota ninayo. Imo ndani ya kamera yangu mpaka leo na haifutiki.

Mimi niko Arusha, Sakina. Mwaka juzi nilikuwa na kamera niliyoinunua laki tisa, hela ya kupiga picha za kipaimara na send-off mpaka mgongo ukauma. Kwenye grupu letu la wapiga picha kuna bwana mmoja anaheshimika sana, ana droni mbili na ushauri usioisha. Nikamuuliza kama leza inaharibu kamera. Akajibu kwa ujumbe wa sauti, naukumbuka neno kwa neno: "Kamera haina jicho, mdogo wangu. Itaumia wapi?" Watu wakaweka madole gumba kama kumi na kitu. Nikayaamini madole gumba.

Usiku huo umeme ukakatika, giza safi la bure. Nikafunga madirisha, nikachoma vijiti vya udi, nikapanga vioo vitatu mezani, kimoja nimekiegemeza kwenye kopo la Blue Band. Leza nikaifunga juu ya kitabu kwa rababendi, kitufe nikakibana na kibanio cha nguo. Miale ikakaa hewani kama kamba za kuanikia, kijani kibichi, moshi unaikata taratibu. Nikajiona mwanasayansi. Ndipo nikageuza kioo cha tatu kidogo tu, mwale ukaingia kwenye lenzi.

Nilikuwa nainama nichungulie kwenye kitundu cha kamera nipange picha. Simu ikaita. Mama, kutoka Machame, anauliza kama nimekula. Nikasimama kuongea naye. Niliporudi nikaona uvivu kuinama tena, nikaweka taima ya sekunde 10, shata iwe wazi sekunde 20, nikakaa kwenye kochi. Hiyo simu ndiyo sababu naandika haya kwa macho mawili. Kile kitundu kinakuletea jichoni kila kilichoingia kwenye lenzi. Mpaka leo mama akiuliza kama nimekula namjibu kwa heshima zote.

Picha ya kwanza ikatoka na nyota kubwa, nikashangilia peke yangu gizani. Ya pili ina mstari mwembamba wa waridi kutoka juu mpaka chini. Nikafuta lenzi kwa fulana. Nikabadilisha lenzi. Nikapuliza. Mstari upo palepale. Nikajidanganya kwamba ni skrini imechoka. Jumamosi nikaenda kupiga harusi Rau, jioni nafungua picha kwenye kompyuta: bibi harusi mstari kwenye paji la uso, mchungaji mstari, wazazi mstari, mpaka ndafu naye kapata wake. Nilirudisha nusu ya hela na kuomba radhi kwa ukoo mzima. Fundi akanambia sensa imeungua (siyo ile ya watu na makazi, ni kile kibao cha ndani kinachopokea picha), na kuibadilisha ni ghali kuliko kutafuta kamera nyingine kama hiyo.

Nilipomwambia yule bwana, akajibu: "Inategemea na leza." Sasa hiyo "inategemea" ilikuwa imelala wapi siku ile?

Kamera inalo jicho. Lenzi inafanya kazi ileile ya jicho, inakusanya mwanga wote kwenye nukta moja, na mwanga wa leza unakubali kukusanywa kuliko mwingine wowote. Leza yako imeandikwa chini ya miliwati 5? Yangu pia, muuzaji aliniapia. Siku nyingine nikaielekeza kwenye puto jeusi, likapasuka. Ya miliwati 5 haipasui puto. Halafu hizi za kijani za bei rahisi, ndani zinaanza na mwanga wa infraredi wa nanomita 808, unazaa wa 1064, ndipo kristali inaugeuza kuwa kijani cha 532. Wakibana matumizi wasiweke kichujio, ule usioonekana unatoka pamoja na kijani, na jicho halipepesi kwa kitu lisichokiona. Miwani ya jua usiniletee hapa, haikukingi na leza.

Kanuni yangu ni moja: kabla hujabonyeza kitufe, nionyeshe kwa kidole mwale unafia wapi. Unapopita pekee hakunitoshi, nataka na unapofia. Mimi leza ikiwa imezimwa navuta uzi wa kushonea kutoka mdomo wa leza, kioo hadi kioo, mpaka kwenye boksi la viatu nililolilaza ubavu na kulitandika kitambaa cheusi kisichong'aa. Uzi ukipita karibu na lenzi au usawa wa macho ya aliyekaa, napanga upya. Kamera inatazama kutoka ubavuni, moshi ndio unaokuonyesha mwale. Nikigusa kioo chochote, kifuniko cha lenzi kinarudi na leza inazimwa.

Na kwa kila kioo hesabu miale miwili. Kioo cha kujitazamia kimepakwa fedha nyuma, kwa hiyo uso wa mbele nao unarudisha kama asilimia 4. Leza ya miliwati 100 inakuachia 4 zinazozurura upande usioupanga. Saa, pete, kikombe cha ubingwa wa bonanza, vyote toa. Pazia zito dirishani, ndege za KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, zina marubani.

Moshi: udi unatosha, feni izimwe. Usirushe unga, vumbi la unga likijaa hewani linashika moto. Anza na ISO 100 (wepesi wa kamera kupokea mwanga), f/8 (upana wa tundu la lenzi, namba ikikua tundu linapungua), shata wazi sekunde 15, uongeze mwenyewe. Nyota unaitaka? Toboa karatasi nyeusi kwa sindano, weka tochi ya simu nyuma yake, punguza tundu la lenzi mpaka f/16. Itatoka nyota na sensa itabaki.

Kulikuwa na swali jingine, la rangi nadhani, hasira zimenisahaulisha. Kamera yangu iko kabatini. Anayetaka betri na chaja aje inboksi. Mstari siuzi.