Chembe za Aina Moja, Mwendo Usiolingana

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, mwalimu wetu wa fizikia alitufundisha kwamba kimiminika kikipoozwa upesi bila kupata nafasi ya kuganda na kuwa fuwele (yaani chembe kujipanga kwa utaratibu unaojirudia), huzidi kuwa kizito mpaka kikawa kioo, na kwamba kabla ya kufika hapo baadhi ya chembe zake hukimbia huku jirani zao zikiwa zimekwama. Ikiwa chembe zote ni za aina moja na halijoto ni ile ile kila mahali, tofauti hiyo inatoka wapi? Na je, ni kweli kwamba kioo cha dirisha bado kinatiririka? – Mwanafunzi wa kidato cha sita, Morogoro.

JIBU: Tuanze na dirisha, maana jibu lake ni fupi: hakitiririki. Kioo cha kawaida cha dirisha hukakamaa kwenye nyuzi joto zipatazo 550 za Selsiasi, kwa hiyo katika joto la sebuleni hakiwezi kusogea kwa kiasi cha kuonekana kwa macho, hata kingesimama hapo maelfu ya miaka. Vile vioo vya makanisa ya kale ya Ulaya ambavyo ni vinene upande mmoja vilitoka hivyo mikononi mwa mafundi.

Swali lako la kwanza ndilo lenye uzito. Chukua gliseroli, ambayo huenda umeiona kwenye mafuta ya kujipaka. Kwa kanuni ingepaswa kuganda kwenye nyuzi 18, lakini kwa kawaida haigandi. Ukiendelea kuipooza, mnato wake, yaani ugumu wake wa kutiririka, hupanda bila kukoma hadi karibu nyuzi 83 chini ya sifuri, ambapo hufikia mara 10¹⁵ ya mnato wa maji, na hapo ndipo tunaanza kuiita kioo. Ajabu ni kwamba ukiipima kwa eksirei katika safari hiyo yote, mpangilio wa molekuli zake haubadiliki sana. Bado umevurugika kama wa kimiminika chochote.

Kinachozuia mwendo ni msongamano. Kila chembe imezingirwa na jirani zake, inatikisika papo hapo kama iliyofungiwa, na haiwezi kutoka mpaka jirani mmoja apishe, ambaye naye anamsubiri mwingine. Ni kama daladala iliyojaa pomoni: konda anapiga kelele watu wasogee nyuma, wa mwisho anapata upenyo, anayemfuata anashika nafasi yake, na msururu mzima unasogea, wakati upande wa pili wa gari hakuna aliyeinua mguu. Mwaka 1998 kundi la watafiti, wakiwemo Walter Kob na Sharon Glotzer, liliigiza kimiminika cha namna hiyo kwenye kompyuta na kukuta chembe zenye kasi zikifuatana kwa mistari, kila moja ikiingia pale ilipotoka mwenzake.

Molekuli ni ndogo mno kutazamwa moja moja, na ndiyo maana jaribio lililochapishwa mwaka 2000 na Eric Weeks, David Weitz na wenzao linapendwa sana, nami ni mmoja wa wanaolipenda. Walitumia vipira vya plastiki vyenye kipenyo cha takriban sehemu mbili kati ya elfu moja za milimita, vilivyotiwa rangi inayong'aa na kuelea katika kimiminika chenye uzani unaolingana navyo ili visizame. Badala ya kupooza, waliongeza vipira: vikijaza karibu asilimia 58 ya nafasi yote, mchanganyiko hukakamaa kama kioo. Kwa hadubini ya leza walifuatilia maelfu ya vipira kwa wakati mmoja, wakaona kwamba karibu na kiwango hicho vipira vyenye kasi havikutawanyika ovyo, bali vilikuwa vimekusanyika katika mafungu ya makumi kadhaa.

Tofauti hizi huvuruga hata hesabu za kawaida. Tuseme nusu ya chembe huruka mara moja kila sekunde 1, na nusu nyingine mara moja kila sekunde 100. Wastani wa miruko kwa sekunde ni 0.505, na wastani wa muda wa kusubiri ni sekunde 50.5. Kama chembe zote zingekuwa sawa, ukizidisha namba hizo mbili ungepata 1. Hapa unapata zaidi ya 25, kwa sababu wastani wa kwanza unatawaliwa na zenye haraka na wa pili na zile zilizokwama. Ndivyo inavyotokea katika othoterfenili, kimiminika ambacho watafiti wa fani hii wamekipima kwa miongo mingi: karibu na kiwango cha kuwa kioo, molekuli zake huhama takriban mara 100 zaidi ya vile mnato wake ungekufanya utarajie.

Usidhani, hata hivyo, kwamba kuna chembe zilizozaliwa na kasi. Ukisubiri vya kutosha, eneo lililolala huamka na lililochangamka hutulia, na kadiri halijoto inavyoshuka ndivyo zamu hizo zinavyochelewa. Je, nani atasogea kwanza ni bahati nasibu tu? Mwaka 2004 Asaph Widmer-Cooper, Peter Harrowell na mwenzao walianzisha uigizaji mara nyingi kutoka mpangilio ule ule, wakibadilisha kasi za mwanzo peke yake, na maeneo fulani yakawa yanaelekea kusogea zaidi kila mara. Mpangilio, basi, una siri ndani yake, ingawa ukubwa wa nafasi iliyo wazi kando ya chembe, jambo ambalo wengi wetu tungelikisia kwanza, hautoshi kuitambua. Mwaka 2020 Victor Bapst na wenzake walifundisha mtandao wa neva wa kompyuta, yaani programu inayojifunza kutokana na mifano, kukisia mwendo kwa kuangalia mahali chembe zilipo tu, nao ukazipita mbinu zilizokuwepo. Lakini kuitaja kwa lugha ya fizikia hiyo alama ambayo mtandao unaisoma katika mpangilio ni kazi ambayo bado inaendelea.