Kabla ya kujumlisha, uliza: asilimia ya nani?

Mtoto wa dada yangu, yuko kidato cha pili, alikuja kwangu Ngamiani jioni moja na daftari la hesabu limejaa alama za kukosa. Somo lilikuwa seti, yaani hesabu za makundi. Swali lililomshinda lilikuwa na maana hii: asilimia 65 ya wateja wa asubuhi walinunua vitumbua, asilimia 50 walinunua mihogo, asilimia 10 hawakununua chochote. Walionunua vyote viwili ni asilimia ngapi?

Alikuwa amejumlisha, akafuta, akajumlisha tena. "Mama mdogo," akaniambia, "watu wamezidi. Wamekuwa 125. Hawa 25 wametoka wapi?"

Swali lake lilinifurahisha kuliko jibu lolote, kwa sababu mtoto anayeshangaa kuona watu wamezidi mia ameshafika mlangoni. Mimi nilipokuwa shule nilikaririshwa kanuni: jumlisha makundi mawili, toa mia. Kwa swali hili kanuni hiyo inatoa 15, na 15 ni kosa. Inafaa tu pale kila mtu anapokuwa kwenye kundi mojawapo. Hakuna aliyeniambia hivyo, na nilipoteza alama nyingi kabla ya kugundua mwenyewe.

Basi tukaacha daftari, tukakaa barazani. Nilikata kamba ya katani, nikafunga vitanzi viwili vikubwa, nikavilaza mkekani. Kete za bao ni 64, hazifiki mia, kwa hiyo tukaongeza punje 36 za mahindi. Kila kete au punje ni mteja mmoja. Kwanza tulitenga 10 nje ya kamba, wale wasionunua kitu. Zikabaki 90. Akaingiza 65 kwenye kitanzi cha vitumbua. Mkononi zikabaki 25, na kitanzi cha mihogo kinadai 50.

Akakaa kimya kidogo. Halafu akavuta kamba ya mihogo mpaka ikapanda juu ya ile ya vitumbua, ikazizingira kete 25 zilizokwisha kuwa ndani. Wale 25 hawakutoka popote: ni watu wale wale, wamehesabiwa mara mbili. Vitumbua peke yake 40, mihogo peke yake 25, vyote viwili 25, hakuna kitu 10. Jumla mia. Shuleni mchoro huu unaitwa kwa jina la John Venn, Mwingereza aliyeuandikia mwaka 1880, ingawa mwanahisabati Leonhard Euler alikuwa ameshatumia duara za namna hiyo zaidi ya karne moja kabla yake.

Ushauri wangu wa kwanza ndio huo: usianze na kanuni, anza na watu mia, na kila mtu mpe mahali pamoja tu pa kukaa.

Wa pili ni kusoma maneno madogo. "Asilimia 65 walinunua vitumbua" inawachukua hata walioongeza mihogo. "Walinunua vitumbua tu" inawaacha nje. Neno moja la herufi mbili, na jibu zima linageuka. Mwambie mtoto apige mstari chini ya kila "tu", kila "au", na kila "miongoni mwa".

Hilo la "miongoni mwa" ndilo linaloangusha hata watu wazima. Chukua kijiji cha pwani chenye watu wazima 350. Asilimia 40 ni wavuvi. Miongoni mwa wavuvi, asilimia 30 wanalima pia. Miongoni mwa wakulima, asilimia 25 wanavua pia. Wasiovua wala kulima ni wangapi?

Mwanafunzi mwenye haraka anakamata 40, 30 na 25, anaanza kujumlisha. Mzuie. Muulize: 30 ya nani? Si ya kijiji, ni ya wavuvi. Katika watu mia wa kijiji wavuvi ni 40, na asilimia 30 ya 40 ni 12. Hao 12 ndio wanaovua na kulima. Sasa wageukie hao hao 12 kutoka upande wa shambani: wao ni asilimia 25 ya wakulima, yaani robo. Kama robo ni 12, wakulima wote ni 48. Watu 12 hawakubadilika. Mlangoni kwa wavuvi wanaitwa asilimia 30, mlangoni kwa wakulima wanaitwa asilimia 25. Hapo napenda kusimama muda mrefu, hata jioni nzima, mpaka mtoto aweze kunieleza mimi.

Kilichobaki ni kazi nyepesi: 40 na 48 ni 88, toa 12 waliohesabiwa mara mbili, 76. Wanaobaki ni asilimia 24. Watu 350 wanaingia hapa mwishoni tu: 84.

Makundi yakiwa matatu, jumlisha yote, toa kila jozi inayopandana, kisha rudisha walio kwenye yote matatu, maana umewatoa mara moja zaidi. Mchoro ujazwe kuanzia katikati kwenda nje.

Wiki iliyofuata binti alikuja na swali alilolitunga mwenyewe. Asilimia 70 ya darasa wana baiskeli, 60 wanakaa mbali na shule, 20 wana yote mawili. Akapanga kete zake barazani, zikamwishia kabla vitanzi havijajaa: 70 na 60 ukitoa 20 ni 110. Akahesabu upya, akaniambia wenye yote mawili hawawezi kupungua 30 wala kuzidi 60. Akafuta 20, akaandika 35, akatenga kete tano nje ya kamba.